Ilia Zdanevich, mshairi wa Georgia aliyewapigania wasiojulikana

Machi 1913, katika ukumbi wa Makumbusho ya Ufundi mjini Moscow, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 19 alipanda jukwaani akatangaza kwamba kiatu cha Kimarekani ni kizuri kuliko sanamu ya Venus wa Milo. Sanamu hiyo ya marumaru, iliyohifadhiwa katika jumba la Louvre mjini Paris, ndiyo iliyokuwa kipimo cha uzuri kwa kila aliyejihesabu kuwa mstaarabu. Kijana alikuwa na hoja yake: kiatu kinamtenga binadamu na matope ya ardhi, kinamwinua, jiwe lililochongwa na Wagiriki miaka 2,000 iliyopita linamfaa nini mtu wa leo? Ukumbi ulichafuka, mjadala ukaishia kwenye vurugu.

Kijana huyo ni Ilia Zdanevich, mzaliwa wa Tiflis, mji ambao leo unaitwa Tbilisi na ndio makao makuu ya Georgia. Ni Georgia ya milima ya Kaukazi ninayoizungumzia, nchi iliyobanwa kati ya Urusi na Uturuki, na wala si jimbo la Marekani lenye jina kama hilo. Baadaye alijiita Iliazd, na hilo ndilo jina ambalo Paris ilimjua nalo mpaka alipofariki dunia siku ya Krismasi mwaka 1975.

Vitabu vya historia ya sanaa humtaja kwa fujo zake: kiatu, nyuso zilizopakwa rangi barabarani, mashairi yasiyo na neno hata moja linalopatikana katika kamusi. Fujo zilikuwepo, na nitazieleza. Lakini ukiyafuata maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho unakuta kazi moja aliyoifanya kwa miaka 60 bila kuiacha. Alikuwa akimtafuta mtu aliyepuuzwa na wakubwa wa zama zake, anamsimamia, kisha anahakikisha jina lake limechapwa mahali ambapo halitafutika. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika habari zake leo.

Alizaliwa Aprili 1894. Baba yake alikuwa Mpolandi aliyefundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Mama yake, Valentina Gamkrelidze, alikuwa Mgeorgia, mpiga piano. Kaka yake Kirill alikuwa mchoraji. Nyumba yao ilikuwa na vitabu, muziki na lugha nyingi, kama ulivyokuwa mji wenyewe, ambako Wageorgia, Waarmenia, Warusi, Waazeri na Waajemi walinunua mkate kwenye mitaa ileile. Mwaka 1911 Ilia alikwenda St. Petersburg kusomea sheria. Sheria aliimaliza, ila hakuna aliyewahi kumjua kwa sheria.

Mchoraji wa vilabuni

Majira ya kiangazi ya mwaka 1912 alirudi Tiflis likizo. Akiwa na Kirill na rafiki yao Mikhail Le-Dantyu, mchoraji kutoka St. Petersburg, waliingia katika kilabu cha mvinyo wakakutana na kitu ambacho hakuna mwalimu yeyote wa sanaa aliyewahi kuwaonyesha. Ukutani zilitundikwa picha za swala, wavuvi, karamu za wakulima, wanawake wenye watoto, zote zikiwa zimechorwa juu ya kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta. Mchoraji hakuwa amepaka rangi nyeusi hata kidogo. Aliuacha weusi wa kitambaa wenyewe uwe usiku, uwe kivuli, uwe nywele.

Mwenye kilabu aliwaambia jina la mchoraji: Niko Pirosmanashvili, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Pirosmani. Alikuwa mtoto wa wakulima wa kijiji cha Mirzaani katika mkoa wa Kakheti, yatima tangu udogoni. Aliwahi kufanya kazi ya reli, kisha akawa anazunguka kwenye vilabu na maduka akichora mabango na picha, na mara nyingi malipo yake yalikuwa sahani ya chakula na gilasi ya mvinyo. Wateja walizitazama picha zake kama tunavyotazama bango la bei. Wasomi wa mji hawakuzitazama kabisa.

Ilia alimtafuta. Januari 1913 akampata, akaketi naye, akamwuliza maisha yake na kuandika majibu katika daftari. Akaanza kununua picha alizozikuta vilabuni, akishirikiana na kaka yake. Februari akachapisha makala katika gazeti la Tiflis akimtangaza kuwa msanii mkubwa. Pirosmani naye akamchora Ilia, na picha hiyo ipo hadi leo.

Kisha Machi ikafika. Mwezi uleule ambao Moscow ilikasirishwa na habari ya kiatu, picha za Pirosmani zilitundikwa Moscow katika maonyesho ya wasanii wapya yaliyoitwa Shabaha. Ziliwekwa pamoja na kazi za Mikhail Larionov na Natalia Goncharova, viongozi wa uchoraji mpya wa Urusi. Mambo haya mawili yasomwe pamoja. Aliyesimama kuitukana Venus alikuwa ameshika mkononi jina la mchora mabango wa Tiflis. Kama kipimo cha uzuri ni jiwe la Wagiriki peke yake, Pirosmani hana nafasi popote. Ilibidi kipimo kivunjwe kwanza.

Desemba mwaka huo, Larionov na Zdanevich walichapisha tamko la kueleza kwa nini wanapaka nyuso zao rangi na kutembea mitaani. Walitaka sanaa itoke kwenye fremu iingie barabarani, juu ya ngozi ya mtu. Ilia alikuwa ameshaandika pia kitabu cha kwanza kuhusu Goncharova na Larionov, kwa jina la bandia, akiwa bado mwanafunzi. Na pamoja na Le-Dantyu alitangaza fundisho lao kwamba sanaa ya nyakati zote na mahali pote ni mali ya msanii wa leo, achukue apendacho. Kwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, hilo ni fundisho pana kuliko kelele za Wafuturisti wa Italia, waliotaka makumbusho yaharibiwe.

Pirosmani hakunufaika sana na sifa hizo. Kwa muda mfupi Chama cha Wasanii wa Georgia kilimkaribisha, kikampa fedha kidogo. Kisha gazeti moja likamchora katuni ya kumdhihaki, naye akajitenga. Alifariki Aprili 1918 akiwa fukara, na kaburi lake halijulikani lilipo. Leo hakuna mchoraji anayependwa Georgia kumshinda, na picha zilizokusanywa na ndugu wawili kina Zdanevich ni sehemu kubwa ya hazina iliyobaki.

Sanaa isiyoomba ruhusa

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Ilia aliripoti kutoka uwanja wa vita wa Kaukazi. Alikuwa Petrograd, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati huo, mapinduzi ya Februari 1917 yalipomwangusha mfalme wa Urusi. Mara moja wasanii wenye majina, akiwamo mwandishi Maxim Gorky na mchoraji Alexandre Benois, walianza mipango ya kusimamia mambo ya sanaa karibu na serikali mpya, na wengine wakazungumzia kuundwa kwa wizara. Zdanevich alikuwa miongoni mwa waliounda umoja uitwao Uhuru kwa Sanaa kuupinga mpango huo. Katika mkutano mkubwa wa wasanii uliofanyika Machi katika ukumbi wa Mikhailovsky, alikuwa mmoja wa sauti kali. Msimamo wake ulikuwa kwamba kikundi kidogo cha wateule hakiwezi kujipa mamlaka ya kuamua sanaa ipi ni ya taifa, na kwamba serikali, hata ya mapinduzi, haina kazi ya kuongoza kalamu wala brashi.

Yaliyofuata Urusi yalithibitisha kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Miaka 20 baadaye, marafiki wake kadhaa walikufa kwa sababu ya serikali iliyojipa kazi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1917 alifuatana na msafara wa mwanahistoria Ekvtime Takaishvili katika milima ambayo leo iko Uturuki, kupima makanisa ya kale ya Kigeorgia yaliyoachwa magofu. Kijana aliyemkejeli Venus alikwenda milimani ili achore ramani ya kanisa la karne ya kumi. Kazi hiyo ya kupima makanisa hakuiacha mpaka uzeeni, na alikuja kuwaandikia wataalamu wa historia ya Bizanti kama mwenzao.

Kisha akarudi Tiflis, na hapa ndipo maisha yake yalipochanua. Urusi ilikuwa inateketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Georgia ilijitangazia uhuru tarehe 26 Mei 1918, na kwa miaka mitatu mji ule ukawa kimbilio la washairi, wachoraji na wanamuziki waliokimbia njaa na risasi. Kwenye barabara kuu, ambayo sasa inaitwa Rustaveli, kulikuwa na kilabu kidogo cha wasanii kilichoitwa Kilabu cha Ndoto, kilichofunguliwa mwishoni mwa 1917. Kuta zake zilichorwa na wasanii wenyewe. Humo washairi wa Kigeorgia wa kundi la Pembe za Buluu, kina Paolo Iashvili na Titsian Tabidze, walikaa meza moja na Warusi kina Aleksei Kruchenykh na Igor Terentiev. Mashairi yalisomwa kwa Kigeorgia, Kirusi na Kiarmenia usiku kucha. 

Zdanevich, Kruchenykh na Terentiev waliunda kundi lao wakaliita 41°. Tiflis iko karibu na nyuzi 41 kaskazini mwa ikweta, na nyuzi 41 ni joto la mwili ambalo mgonjwa huanza kuweweseka. Walitoa mihadhara, walichapa vitabu, na mwaka 1919 wakatoa gazeti lililoishia toleo la kwanza.

Ni vigumu kumweleza msomaji mashairi ya kundi hili bila kumsomea kwa sauti. Waliandika kwa lugha waliyoiita zaum, ambayo Kruchenykh na mshairi mwenzake Velimir Khlebnikov walikuwa wameianzisha mwaka 1913. Ni lugha ya sauti tupu. Maneno yake hayamo kwenye kamusi, lakini yana mkazo, yana kicheko, yana hasira, na msikilizaji anajua kwamba huyu anabembeleza na yule anatukana. Zdanevich aliandika tamthilia tano kwa lugha hiyo. Ya kwanza inahusu Yanko, mtu anayekamatwa na majambazi na kufanywa mfalme wa Albania kwa nguvu. Wanamgandisha kwenye kiti cha enzi kwa gundi, na anapojaribu kutoroka wanamuua. Iliigizwa Petrograd mwishoni mwa 1916 na kuchapwa Tiflis mwaka 1918. Nani asiyeelewa habari ya mtu aliyegandishwa kwenye kiti cha enzi?

Katika tamthilia zilizofuata alizidi kuwa jasiri. Wahusika wanazungumza wote kwa wakati mmoja, kila mmoja na maneno yake. Sisi tunayo ngonjera, ambamo wahusika hupokezana beti na kila mmoja humwachia mwenzake nafasi. Yeye aliondoa kupokezana. Sauti tatu, nne, na kuzidi, zinapanda pamoja, zinagongana, kisha ghafla zinakutana kwenye silabi moja na kuachana tena. Aliuita ushairi wa okestra.

Tatizo lilikuwa kwamba sauti nyingi za namna hiyo hazichapiki kwa utaratibu wa kawaida wa mistari. Kwa hiyo Zdanevich aliingia kiwandani, akajifunza kupanga herufi za risasi kwa mikono yake. Kurasa zake ni za kustaajabisha hata leo, zama za kompyuta. Herufi moja kubwa inasimama kwenye mistari mitatu kwa sababu wahusika watatu wanaitamka pamoja. Herufi ndogo zinakimbia pembeni. Mkazo wa kila neno unaonyeshwa kwa herufi kubwa katikati ya neno. Anayeutazama ukurasa anaona mapambo. Anayejaribu kuusoma kwa sauti anagundua kwamba kila umbo lina kazi, kama noti za muziki. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ukubwa wake ulipo kama mshairi: alimlazimisha mchapaji kusikia.

Mwishoni mwa 1920 aliondoka kupitia bandari ya Batumi, akakaa Istanbul karibu mwaka mzima akisubiri viza ya Ufaransa. Akiwa njiani, Februari 1921, Jeshi Jekundu la Urusi ya Kisovieti liliingia Tiflis na uhuru wa Georgia ukaisha.

Hakurudi tena kuishi nchini kwao. Waliobaki walilipa gharama kubwa. Mwaka 1937 Titsian Tabidze alipigwa risasi na dola ya Kisovieti. Paolo Iashvili alijiua ndani ya jengo la Umoja wa Waandishi. Igor Terentiev naye aliuawa mwaka huohuo. Kirill, kaka yake, alipelekwa baadaye katika kambi ya kazi ngumu ya Vorkuta, kaskazini ya mbali, na akatoka akiwa hai.

Paris

Alifika Paris mwaka 1921 na hakupoteza muda. Alitoa mihadhara juu ya zaum, akajiunga na vijana wa harakati ya sanaa iitwayo Dada waliomzunguka mshairi Tristan Tzara, na Julai 1923 ndiye aliyekuwa mwandalizi, pamoja na Tzara, wa usiku maarufu katika ukumbi wa Théâtre Michel. Kulikuwa na muziki wa Satie na Stravinsky, filamu ya Man Ray, mavazi yaliyobuniwa na Sonia Delaunay, na mashairi ya Zdanevich mwenyewe. Mshairi André Breton na wenzake, waliokuwa wamehasimiana na Tzara, walivamia jukwaa. Breton alimpiga mwandishi Pierre de Massot kwa fimbo akamvunja mkono. Onyesho la siku ya pili likafutwa, na wanahistoria wengi huuhesabu usiku huo kuwa mwisho wa Dada mjini Paris.

Mwaka huohuo alichapa tamthilia yake ya tano na ya mwisho ya zaum, akiipa jina la Le-Dantyu, rafiki aliyeingia naye katika kilabu cha Tiflis mwaka 1912 na ambaye alikufa mwaka 1917 akiwa jeshini. Ndani yake wachoraji wawili wanamchora mwanamke aliyekufa. Mmoja anachora sura inayofanana naye kabisa. Le-Dantyu anachora picha isiyofanana naye, na ni picha hiyo inayomfufua. Rafiki aliyekufa kabla ya kujulikana alipewa kitabu ambacho wataalamu wengi wanakihesabu kati ya vitabu vizuri zaidi vilivyochapwa karne ile.

Baada ya hapo ikaja miaka mirefu ya kutafuta riziki. Alitafsiri katika ubalozi wa Kisovieti, akaandaa karamu za dansi za wasanii, akabuni vitambaa, na kwa miaka kadhaa alisimamia kiwanda cha vitambaa cha Coco Chanel. Aliandika riwaya kuhusu jambazi wa milimani anayependa na kuua, iliyotoka mwaka 1930. Wachapishaji wa Moscow waliikataa. Akaichapa mwenyewe Paris, na wauzaji wa vitabu wa Kirusi waliohamia huko nao wakaikwepa. Riwaya hiyo ilibaki bila wasomaji kwa zaidi ya nusu karne, mpaka ilipotafsiriwa. Naiona kuwa kazi yake rahisi zaidi kumwingia msomaji wa kawaida, maana imeandikwa kwa lugha inayoeleweka na kisa chake kinakwenda mbio.

Mwaka 1940, Ufaransa ikiwa vitani, alichapa diwani ya soneti 76 pamoja na michoro ya Pablo Picasso, rafiki yake wa miaka mingi. Kuanzia hapo alipata kazi ya maisha yake yote yaliyosalia: kutengeneza vitabu vichache, nakala chache, kwa mikono, akiwashirikisha wachoraji wakubwa wa karne.

Binti wa Lagos

Mwaka 1943, Paris ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, Iliazd alimwoa Ibironke Akinsemoyin, mwanamke wa Kinaijeria kutoka ukoo wa kifalme wa Lagos. Akinsemoyin ni jina la mmoja wa wafalme wa Lagos wa karne ya 18. Kwa kuwa Nigeria ilikuwa koloni la Uingereza, Wajerumani walimhesabu Ibironke kuwa mtu wa dola adui, wakamweka kizuizini kambini. Alipata kifua kikuu. Mwaka 1945, vita vikiwa vinakwisha, alifariki dunia, akaacha mtoto mdogo wa kiume.

Mwaka uleule alifika Paris kijana wa Kiromania aitwaye Isidore Isou, akatangaza kwamba amevumbua ushairi mpya kabisa, ushairi wa herufi na sauti zisizo na maneno. Magazeti yalimwandika. Iliazd alikuwa amefanya jambo hilo Tiflis karibu miaka 30 kabla. Juni 1947 alitoa mhadhara wa kumjibu, na kama kawaida ya maisha yake, mhadhara uliishia kwenye ugomvi.

Jibu lake la kweli lilitoka mwaka 1949. Aliliita Ushairi wa Maneno Yasiyojulikana. Alikusanya washairi zaidi ya 20 walioandika kwa sauti tupu kabla ya Isou: Khlebnikov, aliyekufa mwaka 1922, Hugo Ball wa Dada ya Zurich, Kurt Schwitters, Antonin Artaud, Vicente Huidobro wa Chile, Boris Poplavsky, Kruchenykh, aliyekuwa hai Moscow bila ruhusa ya kuchapwa, Terentiev, aliyekuwa ameuawa na ambaye nchini mwake jina lake lilikuwa halitajwi. Kila shairi lilipewa mchoro wa msanii: Matisse, Chagall, Braque, Miró, Giacometti, Léger, Picasso na wengine. Karatasi hazikushonwa, zilikunjwa tu na kuwekwa ndani ya jalada.

Na katika orodha hiyo ya washairi, jina la kwanza kwa mpangilio wa alfabeti ni Akinsemoyin.

Mwaka mmoja kabla, mjini Paris hapohapo, Léopold Sédar Senghor alikuwa amechapisha mkusanyo wake maarufu wa mashairi mapya ya watu weusi, ukiwa na dibaji ya Jean-Paul Sartre. Mkusanyo ule umesomwa na kufundishwa Afrika nzima, na unastahili. Mshairi wa Lagos hayumo. Yumo katika kitabu cha mumewe Mgeorgia, pamoja na Ball na Khlebnikov, kama mwenzao na mbele ya macho ya wachoraji waliokuwa wakisifiwa dunia nzima. Iliazd hakuweka jina la mkewe kwenye ukurasa wa kumkumbuka marehemu. Alimweka kwenye orodha ya washairi.

Afrika alirudi kuishughulikia mwaka 1959, alipochapa, pamoja na michoro ya Picasso, masimulizi ya mtawa Mhispania wa karne ya 14, ambaye jina lake halijulikani, kuhusu safari za Afrika. Mtawa yule aliandika habari za pwani na falme za bara hili kabla ya meli za Wareno kufika. Wasomi wengi walimdharau kuwa mzushi. Iliazd alimwona kuwa msafiri aliyenyimwa haki yake.

Kitabu kilichofuata katika njia hiyo kilimhusu Ernst Wilhelm Tempel, Mjerumani aliyeishi kwa kuchapa michoro ya mawe na aliyetazama nyota bila kuwa na shahada. Machi 1861, akiwa Marseille, Tempel aligundua sayari ndogo iliyopewa jina Maximiliana. Wakubwa wa falaki wakaibadilisha jina. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka alifukuzwa Ufaransa kwa sababu ya utaifa wake. Iliazd alichimba habari zake katika kumbukumbu za miji kadhaa, kisha mwaka 1964 yeye na mchoraji Max Ernst wakatoa kitabu ambacho ndani yake Ernst alibuni mwandiko wa siri usiosomeka, uliotapakaa kurasa nzima kama anga la usiku. Kichwa cha kitabu ni Maximiliana, jina lilelile lililofutwa.

Lipo la kumlaumu. Vitabu hivi vilichapwa nakala chache mno, cha Tempel kikiwa na nakala 75 tu, na vikanunuliwa na matajiri na makumbusho. Mtu aliyeanza kwa kusifu picha za vilabuni, ambazo mpita njia yeyote aliweza kuziona kwa bei ya gilasi ya mvinyo, aliishia kutengeneza vitu ambavyo watu wa kawaida huviona nyuma ya kioo. Yeye mwenyewe hakutajirika. Aliishi maisha ya kawaida katika mtaa wa Mazarine, akisubiri miaka mitatu au minne kitabu kimoja kikamilike. Lakini lawama inabaki. Aliyasalimisha majina ya waliosahauliwa, kisha akayafungia mahali ambapo wachache tu wana ufunguo.

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 78, alichapa upya kwa Kifaransa makala aliyoiandika mwaka 1914 kuhusu Pirosmani. Picasso, aliyekuwa amefikisha miaka 90, alimchorea mchoro wa Pirosmani akiwa mbele ya turubai. Miaka mitatu kabla, mwaka 1969, picha za Pirosmani zilikuwa zimeonyeshwa katika jumba la Louvre, kwenye Makumbusho ya Sanaa za Mapambo. Mchora mabango wa Tiflis alikuwa ameingia katika jumba analoishi Venus wa Milo.

Iliazd alizikwa Leuville, karibu na Paris, katika makaburi ya Wageorgia waliokimbia mwaka 1921, ambako serikali yao ya uhamishoni ilikuwa imenunua makazi. Aliandika Kirusi na Kifaransa, na wapo wanaouliza kama ni Mgeorgia kamili. Aliyezikwa kati ya wahamishwa wa nchi yake hahitaji kuulizwa zaidi. Mwaka 1978 kituo cha Pompidou kilimfanyia maonyesho, na mwaka 1987 jumba la sanaa ya kisasa la New York likafanya vivyo hivyo. Georgia huru nayo sasa inamhesabu kati ya watu wake wakubwa.

Upande wetu wa dunia umebaki na deni moja. Ibironke Akinsemoyin yumo katika kitabu cha mwaka 1949, na nakala zake zipo katika maktaba na makumbusho ya Ulaya na Marekani. Walimu wa fasihi ya Kiafrika, wahariri wa mikusanyo ya mashairi, wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu Lagos, Ibadan, Nairobi na Dar es Salaam: shairi lake lipo, limechapwa, lina tarehe. Litafuteni, lisomeni kwa sauti, na jina lake liingizwe katika historia ya ushairi wa Afrika.